Waifai ya nyumbani: uifunge kwa kivinjari, kwa programu ya ruta, au umwite fundi?

Kulinda ruta ya nyumbani hakuhitaji kompyuta. Simu janja ya kawaida, hata ile ya bei ya chini uliyoinunua Kariakoo, inatosha. Kinachowachanganya watu ni njia. Mmoja anaambiwa afungue kivinjari aandike namba, mwingine apakue programu ya kampuni iliyotengeneza ruta, wa tatu anayo programu inayomwonyesha vifaa vyote vilivyoungwa, wa nne anampigia fundi. Njia hizi hazifanyi kazi moja, na hapo ndipo watu wanapochagua vibaya.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, tumia kivinjari siku ya kwanza, kisha programu ya ruta kwa mambo ya kila siku, ikiwa inaikubali ruta yako. Programu ya kuchungulia vifaa iwe ziada. Fundi au huduma kwa wateja waje pale tu kampuni iliyokuletea faiba inapokuwa imebaki na funguo zake.

Kwanza tujue tunamfungia nani. Mtu anayedandia waifai yako kwa kawaida hakuvunja kitu. Ulimpa nywila shemeji alipokuja Pasaka, shemeji akampa kijana wa duka la chini, kijana akamtumia mpangaji wa chumba cha nyuma. Kwenye nyumba za kupanga za Sinza, Manzese au Tandika, ruta moja inafika vyumba vyote na kibaraza cha jirani. Ukilipia kwa GB, wanakumalizia bando. Ukiwa na faiba isiyo na kikomo, unashangaa kwa nini saa tatu usiku video inakwamakwama. Halafu kuna hili la uzito zaidi: laini iliyomo kwenye ruta imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Mtu akiitumia kutuma matusi au kutapeli, uchunguzi unaanza kwa jina lako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa, lakini ni vigumu kumthibitisha mdandiaji ambaye nywila aliipata kwa mkono wako.

Kivinjari

Unaunga simu kwenye waifai yako, unafungua Chrome au Safari, unaandika anwani ya ruta kule juu. Anwani iko kwenye stika chini ya ruta. Ruta nyingi za TP-Link hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, zile za laini za Huawei mara nyingi ni 192.168.8.1. Stika ikiwa imefutika, simu yenyewe inaijua anwani: kwenye iPhone gusa alama ya i pembeni ya jina la mtandao, utafute mstari ulioandikwa "Router", kwenye Android fungua maelezo ya mtandao huo utafute "Gateway".

Wengi hukwama hapa, ukurasa unagoma kufunguka, wakadhani ruta ni mbovu. Zima data ya simu kwanza. Bando la ruta likiisha, simu huona waifai haina intaneti, ikahamia kimya kimya kwenye data ya laini yako, na huko nje ruta yako haipo. Ukishazima data, ukurasa unafunguka hata kama ruta haina hata MB moja. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, hilo ni la kawaida kwa kurasa za ruta.

Ubora wa kivinjari ni kwamba kinakufikisha kwenye vyumba vyote vya ruta, pamoja na vile ambavyo programu hazivionyeshi. Na cha kwanza cha kufanya huko ndani ni kuelewa kwamba nywila ni mbili. Ipo ya waifai, ambayo unawapa wageni, na ipo ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Watu hubadilisha ile ya kwanza wakaridhika, ya pili ikabaki "admin" kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai vilisambaa duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta. Havikuhitaji ujanja wowote mwingine.

Kwa ruta zinazotumia laini ya simu, nywila hii ya pili ina jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Ruta nyingi za aina hiyo zina sehemu ya meseji ndani ya ukurasa wake. Aliyeingia humo anasoma kila meseji iliyotumwa kwenye laini ile, na kwenye baadhi ya ruta anaweza kupiga menyu za nyota na reli. Ikiwa laini hiyo ndiyo uliyoiandika kwenye barua pepe yako kupokelea namba za uthibitisho, zinasomeka na yeyote aliyeunga waifai na kujaribu "admin". Laini ya ruta ibaki ya ruta. Usiisajili M-Pesa wala Airtel Money, usiitumie kufungulia akaunti yoyote.

Ubaya wa kivinjari upo. Maandishi ni madogo, menyu karibu zote ni za Kiingereza, na kila ukurasa una kitufe chake cha kuhifadhi ambacho ukikisahau umefanya kazi bure. Ukibadilisha nywila ya waifai, simu inakatika papo hapo. Usishtuke, ndiyo dalili kwamba imekubali. Na ukiletewa ruta ya faiba na kampuni, baadhi hukupa akaunti ya mtumiaji wa kawaida tu, ile kuu wakabaki nayo wao. Unaona vitufe vichache, vingine vimefichwa.

Programu ya ruta

TP-Link wana Tether, Huawei wana AI Life, Tenda nao wana yao. Ukishaifungua unaona jina la mtandao, idadi ya vifaa, na kitufe cha kumzuia mtu kwa kugusa mara moja. Kwa mama mwenye nyumba ya Tabata anayetaka kujua kama wanaye bado anaangalia katuni saa tano usiku, hakuna kivinjari kitakachoshindana na hii. Programu pia inakutaarifu kukiwa na toleo jipya la programu ya ndani ya ruta, jambo ambalo kwenye kivinjari ungelazimika kulitafuta. Siku ya kusasisha usifanye wakati umeme unachezacheza: ukikatika katikati ya kazi, ruta inaweza isiwake tena. Kama una UPS au benki ya umeme inayoweza kuibeba, iunge kwanza.

Shida ya kwanza ni kwamba programu inatambua ruta za kwao tu, tena si zote. Ruta iliyobandikwa nembo ya kampuni ya simu mara nyingi haitambuliwi hata kama ndani yake imetengenezwa na kampuni hiyo hiyo. Shida ya pili ni akaunti. Baadhi ya programu hukuruhusu kuidhibiti ruta ukiwa mbali, ofisini Posta au safarini Dodoma, lakini kwa hilo unafungua akaunti kwa barua pepe, na nywila ya akaunti hiyo inakuwa funguo nyingine ya nyumba yako. Kama huna sababu ya kuidhibiti ruta kutoka mbali, ruka hatua hiyo.

Pakua kutoka Play Store au App Store, kamwe usiipokee kama faili kwenye kundi la WhatsApp. Ikiomba ruhusa ya kujua ulipo, usikimbie. Android imekuwa ikidai ruhusa hiyo kwa programu zinazosoma mitandao ya waifai, na kuanzia Android 13 ikawekwa ruhusa yake ya vifaa vya karibu. Ikiomba kusoma meseji au orodha ya majina ya simu, ifute.

Programu ya kuchungulia

Fing ndiyo inayojulikana zaidi. Inakuorodheshea kila kifaa kilichoungwa na mara nyingi kampuni iliyokitengeneza. Ni macho tu, haina mikono: haibadilishi nywila ya ruta yako. Na macho yenyewe yamepungua nuru, kwa sababu tangu Android 10 na iOS 14 simu hutoa anwani ya kifaa ya bandia (MAC, ile namba ambayo ruta hukitambulia kifaa) kwa kila mtandao, hivyo simu ya mdogo wako inaweza kutokea kama kifaa kisichojulikana. Kabla hujamshuku jirani, zima waifai kwenye simu za nyumbani moja baada ya nyingine, uone ni jina lipi linapotea.

Tahadhari nyingine ndogo. Zipo programu zinazotangazwa kuwa zinafungua waifai za watu. Nyingi hazifungui kitu, na zile zinazofanya kazi hutegemea watumiaji wenyewe kupandisha nywila wanazozijua. Mgeni wako akiwa na programu ya namna hiyo, nywila yako inaweza kupandishwa pamoja na zingine.

Fundi au kampuni

Fundi wa mtaani ataimaliza kazi haraka, na atabaki anazijua nywila zote mbili. Kama lazima aje, mwache afanye, kisha akishaondoka zibadilishe mwenyewe. Kampuni ya faiba huweza kubadilisha mipangilio kutoka kwao bila mtu kufika kwako. Piga wewe namba yao rasmi. Anayekupigia yeye, akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja na kutaka umsomee namba iliyoingia kwenye meseji, mkatie simu.

| | Kivinjari | Programu ya ruta | Fundi au kampuni |
|---|---|---|---|
| Inahitaji bando | Hapana | Kuipakua tu, na kuidhibiti ruta ukiwa mbali | Hapana |
| Inafikia mipangilio | Yote ya akaunti uliyopewa | Mingi, si yote | Yote |
| Kumzuia mtu haraka | Hatua kadhaa | Mguso mmoja | Mpaka umpate |
| Ruta za kampuni za simu | Ndiyo | Mara nyingi hapana | Ndiyo |
| Nani mwingine ana funguo | Hakuna, ila kampuni ya faiba ikibaki na akaunti kuu | Yeyote aliyeipata nywila ya akaunti yako | Yeye |

Umeshaingia ndani. Ufunge nini?

Hapa ndipo uchaguzi wenye uzito zaidi ulipo, na ndipo ushauri wa mitaani unapopotosha zaidi.

Anza na aina ya usalama. Utakutana na WEP, WPA, WPA2 na WPA3. WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001, WPA ya 2003 ilikuwa kiraka cha muda, zote mbili ziache. WPA2 ilikuja 2004 na WPA3 mwaka 2018. Tofauti ya hizi mbili za mwisho unaielewa ukimfikiria mtu aliyekaa nje na kompyuta yake. Kwenye WPA2 anaweza kunasa mawasiliano ya simu yako inapojiunga, akaenda nayo kwake na kukisia nywila huko kwa kasi ya mashine, ruta isijue. Kwenye WPA3 kila kisio lazima kipite kwa ruta, na kasi hiyo inakufa.

Ungedhani basi jibu ni WPA3. Lakini televisheni za bei nafuu, kamera za ulinzi na simu za kabla ya Android 10 mara nyingi haziwezi kujiunga na mtandao wa WPA3 peke yake. Kwa nyumba yenye vifaa vya zamani na vipya chagua ule mseto wa WPA2 na WPA3. Ruta isipokuwa nao, WPA2 yenye AES (njia yake ya kuficha mawasiliano, huandikwa pembeni ya jina WPA2) inatosha kabisa, kwa sharti kwamba nywila ni ndefu.

Na urefu huo si namba ya simu. Hii ndiyo nywila ya waifai inayopendwa kuliko zote Dar, na hesabu yake ni nyepesi. Namba zetu za simu huanza na 06 au 07, zikabaki tarakimu 8. Hiyo ni michanganyiko isiyozidi milioni 200. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo hujaribu nywila za WPA2 mamia ya maelfu kwa sekunde. Nusu saa ni nyingi kwake. Nywila yaweza kuwa na herufi 8 mpaka 63, kwa hiyo nafasi unayo. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, kama ukwaju, kibatari, mgambo na shuka, uyaunganishe kwa alama unayoijua mwenyewe. Usichukue haya niliyoyaandika, wala methali nzima, kwa sababu orodha za makisio hujazwa kwa misemo ambayo watu wanaikumbuka kwa urahisi.

Zima WPS, kile kitufe cha kuunga kwa namba badala ya nywila. Namba yake ina tarakimu 8, ila ya mwisho ni ya kuhakikishia tu, na ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili. Mwishoni mwa 2011 ilielezwa hadharani kwamba kwa ukaguzi huo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Nywila yako nzuri ya maneno matano haina maana kama mlango huu wa pembeni uko wazi.

Kuficha jina la mtandao nakushauri uache. Mtandao uliofichwa bado unaonekana kwa programu za bure kama mtandao usio na jina, na simu zako zenyewe hulitaja jina hilo zinapoutafuta. Kinachobaki ni usumbufu wa kumwandikia kila mgeni jina herufi kwa herufi.

Kuzuia kwa anwani ya kifaa kuna manufaa madogo. Kunamwondoa mdandiaji asiyejua simu, usiku huu huu. Anayejua ataingia kwenye mipangilio ya mtandao ule, atazima anwani ya bandia au ataiwasha, na ruta itamwona kama mtu mpya. Kwa hiyo zuia kama hatua ya kusubiri nafasi ya kubadilisha nywila, halafu ubadilishe kweli.

Mtandao wa wageni ndio ninaoupa nafasi ya kwanza katika mji huu ambamo huwezi kumnyima mgeni waifai bila kuonekana mchoyo. Ruta nyingi za sasa zinao, utaukuta umeandikwa "Guest Network". Una jina lake na nywila yake, na mgeni aliyemo hapaswi kuona kamera zako wala televisheni yako. Hakikisha kitufe cha kumruhusu kuingia mtandao wa ndani kimezimwa. Baadhi ya ruta hukuruhusu kuuwekea kikomo cha kasi au saa. Siku nywila ya wageni ikisambaa mtaani unaibadilisha hiyo peke yake, na vifaa vyako vyote vinabaki vimeungwa bila kuguswa. Mwenye vyumba vya wageni Mikocheni anaweza kuibadilisha kila mgeni anapoondoka.

Watu hudhani kumpa mtu msimbo wa QR ni salama kuliko kumtajia nywila. Si hivyo. Nywila iko ndani ya msimbo kwa herufi za wazi, na simu nyingi za Android huiandika kabisa chini ya picha. iPhone zenye iOS 16 na kuendelea humwonyesha mtumiaji nywila ya mtandao alioungwa. Faida ya msimbo ni kwamba unakuruhusu kuwa na nywila ndefu bila kumchosha mgeni. Basi utoe, ila uwe wa mtandao wa wageni.

Nani achague nini

Unaishi peke yako chumba na sebule, Ubungo au Mbagala, na huna televisheni ya mtandao? Pengine huhitaji ruta. Hotspoti ya simu yako unaiwasha unapoitaka, unaona waliounga pale pale, na ukitoka inaondoka na wewe. Weka nywila ndefu na uruhusu ijizime yenyewe isipotumika. Gharama yake ni betri.

Mpangaji mwenye ruta ya laini kwenye nyumba ya wapangaji wengi apite kivinjari: nywila mbili, WPS izimwe, mtandao wa wageni au usiwepo mgeni kabisa. Kama vifaa vyake vyote vinakubali masafa ya waifai ya GHz 5, atumie hayo peke yake. Yanapita ukutani kwa shida kuliko yale ya GHz 2.4, kwa hiyo majirani wanapata mawimbi hafifu. Si kufuli, ni nafuu ya ziada. Ruta pia isikae dirishani wala kibarazani. Umeme ukikatika mipangilio yako haipotei, lakini kile kitufe cha ndani ya tundu dogo kikibonyezwa kwa kijiti, kila kitu kinarudi kilivyotoka kiwandani na nywila ya kwenye stika inaanza kufanya kazi tena.

Familia yenye faiba Mbezi au Goba ijaribu programu ya ruta kwanza. Ikikataa kuitambua ruta, waende kivinjari. Wakikuta vitufe vimefichwa, waombe kampuni iwazimie WPS na iwafungulie mtandao wa wageni. Anayenunua ruta iliyotumika airiseti kabla ya kuweka laini yake, kwa kuwa hajui mwenye nayo wa awali aliacha nini ndani.

Anayetumia waifai ya mwenye nyumba, iliyojumuishwa kwenye kodi, hana njia yoyote kati ya hizi. Yeye aichukulie kama waifai ya mgahawa: simu isionekane kwa vifaa vingine, kompyuta iambiwe huo ni mtandao wa umma, na kabla ya kufungua programu ya benki azime waifai atumie bando lake.